Baiskeli ya Stamena

Galin alizaliwa mwaka ambao chekechea ya kijiji chetu ilifungwa. Mke wangu Stamena alikuwa amepika pale miaka ishirini na saba. Siku ya kufunga alirudi na sufuria mbili kubwa ambazo baraza halikuzitaka, akaziweka bandani, akasema mwaka mzima hapa kijijini Suhi Dol amezaliwa mtoto mmoja tu, na huyo mmoja hataionja supu yake.

Aliionja baadaye. Ndiyo habari yenyewe.

Ninaandika habari za Galin kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kuziandika. Mjini lipo jalada lake, nene, limeandikwa na watu waliosoma. Sisemi limedanganya. Haya tu hayamo.

Mama yake alikwenda Hispania kuchuma stroberi Galin akiwa na miaka mitano, kama walivyokwenda wanawake wengi wa upande huu wa mto Danube. Mwanzo alirudi kila Krismasi, halafu akawa anapiga simu, halafu simu nayo ikakoma. Baba hakuwahi kutajwa. Mtoto akabaki mtaa wa juu na bibi yake, Tota, ambaye sikio moja lilikufa zamani na la pili linasikia linapotaka.

Alipokuwa na miaka kumi, vijana wawili wakubwa walimchukua kwenda kukata nyaya za shaba kwenye nyumba ya pampu ya ushirika uliokufa. Polisi walipofika, wakubwa walikuwa wameshakimbia. Galin alikuwa amesimama na mkasi wa chuma mkononi, maana walimwambia awashikie.

Hapa kwetu mtoto mdogo hivyo hapelekwi mahakamani. Anaitwa na kamati ya watoto wakosaji, ghorofa ya pili ya ofisi za baraza mjini. Wanakaa naibu meya, mwalimu, daktari, mtu wa ustawi wa jamii, polisi wa watoto, na katibu anayeandika. Mara ya kwanza walimwonya. Tota alisema ndiyo kwa kila kitu, hata walipomuuliza jina.

Mara ya pili alikuwa na miaka kumi na moja. Ilikuwa Januari, kuni za Tota zimekwisha. Galin alivunja dirisha la shule yetu ya zamani, akaingia, akachoma madawati mawili kwenye jiko la darasa. Walimkuta amelala kando ya jiko. Kamati ilimuuliza kwa nini. Alisema kulikuwa na baridi. Kwenye jalada iliandikwa uharibifu wa mali ya umma, na ikaamuliwa awekewe mlezi wa kamati, mtu mzima wa kumtembelea, kumwangalia, na kuleta ripoti kila mwezi.

Kutoka mjini hakuna aliyetaka kupanda kilomita tisa za mashimo. Katibu wa kamati, Bi Krasteva, alipiga simu ofisi ya kijiji. Karani wetu Iskra akamtaja Stamena. Cheti chake cha upishi wa chekechea kilihesabiwa kuwa ni kazi na watoto, kikatosha.

Magoti ya Stamena yalikuwa mabovu tangu zile sakafu za saruji za jikoni. Kutembea hadi mtaa wa juu kulimliza. Lakini baiskeli aliiweza. Alikuwa na ile ya kukunja, ya kijani, magurudumu madogo, kengele ya duara, tuliyoinunua mwaka wa pili wa ndoa. Kila Jumanne na Ijumaa alipanda nayo, kitambaa kichwani, chupa ya supu kwenye keria. Na asubuhi za shule alisimama kituo cha basi mpaka amwone Galin amepanda.

Nilimtania. Nilimuuliza mfungwa wake hajambo.

"Mfungwa ni wewe," alinijibu. "Umefungwa na hilo kochi, na hakuna kamati itakayokutoa."

Hakuwahi kumuuliza mtoto habari za wizi. Alimpa kazi. Kumenya pilipili hoho za kuchoma, kuvunja kokwa za jozi, kunyoosha misumari iliyopinda. Baadaye Galin akawa anashuka mwenyewe, akaanza na baiskeli. Aliifungua yote uani, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaifunga tena, na hakikubaki kitu. Mimi nimefanya kazi na trekta miaka thelathini na nilikuwa nabakiwa na nati mbili kila mara.

Jioni za mwisho wa mwezi Stamena aliandika ripoti mezani. Nilimuuliza ameandika nini. Siku moja alisema ameandika kwamba mtoto amerefuka vidole viwili. Nilimwambia kamati haijali vidole. Akasema basi wajue.

Vuli ya mwisho, Septemba, tulikuwa tunachoma pilipili. Mimi nilikuwa jikoni karibu na dirisha na glasi yangu. Wao walikuwa nje, Galin anaziba pancha ya nyuma.

"Bibi, hii imezeeka kuliko Babu Tseko," alisema, yaani mimi.

"Lakini hii ina breki. Babu yako hana."

Akacheka. Stamena akafuta masizi mikononi, akasema, "Nikifa ichukue wewe. Yule akiipanda ataishia mtaroni."

"Kweli?"

"Kweli. Ila ngoja nife kwanza, usinisukume."

Galin aliinua kichwa akanitazama dirishani, kuona kama nimesikia. Nilimwinulia glasi. Nilikuwa nacheka na mimi.

Nimeliandika hili mapema kusudi mjue kwamba nilijua.

Stamena alifariki Aprili, Jumanne, kwenye bustani ya vitunguu. Nilikuwa mizabibuni. Galin alimngoja mtaa wa juu, hakumwona, akashuka kwa miguu. Yeye ndiye aliyemkuta. Alikimbia mpaka mizabibuni na hakuweza kusema, akanivuta tu mkono wa koti.

Matangazo ya msiba yenye picha ya Stamena aliyabandika Galin, langoni, kituo cha basi, kwenye mti mkubwa mbele ya ofisi. Alipika gundi ya unga kwenye sufuria ya chekechea. Mimi nilikaa. Watu waliingia, walisema wanayosema watu, wakatoka. Nilikuwa nasikia kama Tota.

Bi Krasteva alituma rambirambi kwa maandishi. Alisema mlezi mwingine atatafutwa. Hakuja mtu. Kituo cha basi hapakuwa tena na wa kusimama. Galin aliacha shule kidogo kidogo, mwanzo Jumatatu, halafu siku zote. Nililiona hilo. Niliona mambo mengi nikiwa nimekaa.

Siku ya arobaini kwetu vitu vya marehemu hugawiwa. Unavitoa uani, unakabidhi kimoja kimoja kwa mkono wako, unataja jina lake, na anayepokea anasema Mungu amsamehe. Hapo ndipo kinamfikia. Kisichokabidhiwa hivyo, huko aliko hana. Mama yangu aliamini hivyo, Stamena aliamini hivyo. Alipomzika dada yake aligawa mpaka vibanio vya nywele, akasema asije akahangaika kule na nywele machoni.

Niligawa. Nguo zake za sikukuu kwa Iskra. Viatu vya baridi kwa Tota. Sweta, mito, sufuria ya jamu, miwani. Galin alikuja asubuhi na mapema, shati safi limepigwa pasi, nywele zimelowa maji. Alisimama karibu na lango siku nzima. Nilimpa taulo na soksi, kama wanavyopewa watoto. Akapokea, akasema Mungu amsamehe, akaendelea kusimama.

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani pale alipoiacha Stamena. Wote tuliiona. Watu wakaisha. Tukabaki sisi wawili.

"Nenda nyumbani," nilimwambia.

"Babu Tseko..."

"Nenda nyumbani, nimechoka."

Alikwenda. Na mimi kweli nilikuwa nimechoka, lakini siyo hilo. Nilifikiri akishaipanda nitaisikia kengele barabarani, na nitainuka nikidhani ni yeye anarudi. Sikutaka mtu yeyote aipige ile kengele.

Asubuhi ya pili baiskeli haikuwapo.

Nilivaa koti nikaenda ofisi ya kijiji. Nilimwambia Iskra nimeibiwa, na nikamwambia na nani. Aliniuliza kama ampigie simu Tota kwanza. Nikasema Tota hasikii simu.

"Mzee Tseko, nikishaandika linaenda mjini. Halirudi."

"Andika. Atishike kidogo."

Hivi ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Nilipokuwa na miaka tisa niliiba plamu za mwenyekiti wa ushirika. Baba yangu mwenyewe alinipeleka kwa meya, meya akanivuta sikio mpaka uwanjani, nikasimamishwa na plamu zimefungwa shingoni mpaka saa ya chakula. Jioni mwenyekiti alinipa ndoo nzima. Kila mwanamume wa rika langu ana habari kama hiyo, na huisimulia akicheka. Ofisi ilikuwa ni ya kutishia watoto. Unashtaki, mtoto anatetemeka, inakwisha. Sikujua kwamba zile ofisi zimekwisha, na kwamba sasa karatasi ina miguu yake.

Iskra alinisomea maelezo. Kwamba Galin aliingia uani bila ruhusa, akachukua baiskeli bila ridhaa ya mwenyewe. Nilitia sahihi. Kalamu yake ilikuwa na maua ya plastiki juu.

Siku mbili baadaye gari la polisi lilisimama langoni. Afisa wa watoto, Dobrev, alishusha baiskeli, halafu akamshusha Galin. Mnyororo ulikuwa umetiwa mafuta. Tandiko lilikuwa limeinuliwa, maana miguu yake ilikuwa imerefuka.

Dobrev aliniuliza kama ndiyo hii.

"Ndiyo hii."

"Babu, waambie," Galin alisema. Hakulia. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo dogo alilosahau. "Babu Tseko, waambie."

Nilishika usukani. Nilikuwa nalitazama lile tandiko. Nilipokuja kuinua macho gari lilikuwa limegeuza.

Nililishusha tandiko mahali pake pa zamani. Hilo nalo nililifanya.

Wiki nzima sikula vizuri. Alhamisi nilipanda basi la sokoni nikaenda kwa Bi Krasteva. Ni mama mpole, nywele fupi, ameshawaona wengi. Alinipikia kahawa. Nikamwambia maelezo yale ni yangu, anirudishie.

"Yalikuwa yako, mzee wangu. Sasa ni ya jalada."

Nikasema basi nitasema nilikosea. Akasema nitasema mbele ya kamati, watanisikiliza, ni haki yangu. Kisha akavua miwani akaniambia jambo ambalo angeweza kunificha. Mlezi alipofariki, jalada la Galin lilikuwa limewekwa kabatini, na kwa jinsi walivyolemewa lingekaa humo mpaka vuli, na mpaka vuli huenda angepata mtu. Karatasi yangu ndiyo iliyolitoa. Likishatoka juu ya meza, lazima lisomwe lote.

Lilisomwa lote katikati ya Juni. Meza ndefu, madirisha wazi, mtu chini uani anakata nyasi kwa mashine mpaka wakafunga madirisha. Galin alikaa mwisho wa meza na lile shati lake. Tota alikaa kando yake amevaa viatu vya Stamena vya baridi, katika joto lile.

Naibu meya ndiye mwenyekiti, mtu mwenye mafua, leso mkononi. Alimuuliza Galin kwa nini alichukua baiskeli.

"Nilipewa."

"Na nani?"

"Bibi Stamena."

Dobrev akauliza nani alisikia.

"Babu Tseko. Alikuwa dirishani. Aliinua glasi."

Wote wakageuka. Nilisimama, ingawa hakuna aliyeniambia nisimame. Nikasema ni kweli, nilisikia.

"Sasa mzee, kwa nini ulisema imeibiwa?"

"Nilitaka atishike kidogo."

"Atishike kwa lipi, kama ilikuwa yake?"

Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa fupi, na sikuwahi kulisema kwa sauti. "Sikutaka mtu mwingine aipande."

Mwalimu alitazama ukuta. Mwenyekiti akapenga kamasi, akasema kwa upole, kama vile simo chumbani, kwamba mzee amefiwa. Mtu wa ustawi wa jamii akasema huwa inatokea, walioibiwa hulainika siku ya kamati, hasa vijijini. Waliamini au hawakuamini, baiskeli waliifuta. Kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja, nikauona. Nilidhani tumemaliza. Nilianza hata kufunga kifungo cha koti.

Mwenyekiti akafungua ukurasa mwingine. Siku thelathini na moja hakuonekana shuleni. Tangu Aprili hakuna ripoti. Bibi hawezi. Mama hapatikani. Maonyo yameshatolewa, mlezi ameshawekwa, na hatua iliyobaki kwenye orodha yao ni moja, shule ya maadilisho ya bweni, upande wa pili wa nchi. Hakuna aliyepaza sauti. Daktari, mwanamke kijana, alimuuliza Tota karibu na sikio lake: "Bibi, kule kuna joto, atakula mara tatu, atajifunza ufundi. Kwako atakula nini msimu wa baridi?"

Tota alisikia. Aliinama akavitazama vile viatu. Mimi ningemchukia yule daktari, lakini alichouliza kilikuwa kweli.

Nikasema, "Nipeni mimi. Niwe mlezi wake mimi."

Bi Krasteva alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. Aliniuliza elimu yangu. Nikamwambia madarasa manne. Akauliza kama nimewahi kufanya kazi na watoto. Nikasema na kondoo, halafu na trekta. Mtu akacheka kidogo, si kwa ubaya. Galin pia alicheka, nilimwona.

"Na ripoti ya kila mwezi, mzee? Ataandika nani?"

"Nitaandika."

Dobrev alisukuma karatasi na kalamu mbele yangu. Alikuwa anataka kunisaidia, naapa. "Andika basi sentensi moja, mzee. Yoyote. Kuhusu kijana."

Nilikaa. Nilikuwa sijaandika zaidi ya jina langu tangu jeshini, barua zote aliandika Stamena. Kalamu ilikuwa nyembamba kwa vidole vyangu. Nilijua ninachotaka kusema, lakini herufi zilikuwa zinakuja moja moja, kama ng'ombe wanaogoma mlangoni. Daktari alitazama saa. Mashine ya nyasi chini ilizimwa, ikasikika kalamu yangu peke yake. Galin alikuwa anasogeza midomo, ananisomea herufi kimya kimya, kama Stamena alivyokuwa anamfanyia yeye.

Niliandika: Galin ana mikono mizuri.

Mwenyekiti aliisoma, akasema vizuri sana, akanirudishia. Kisha wakapiga kura juu ya ile shule ya bweni. Mikono ilinyooshwa yote, wa Bi Krasteva ukawa wa mwisho.

Uamuzi kama huo lazima upitishwe na hakimu, na hakimu alitumia muda wa mtu kunywa chai. Septemba, siku shule zinapofunguliwa na watoto mjini wanabeba maua, gari jeupe lilimchukua Galin mtaa wa juu. Iskra aliniambia. Mimi sikupanda kwenda kuaga. Nilisimama langoni nikidhani litapita kwangu. Lilipita njia ya juu.

Tangu siku hiyo nilianza kujifunza kuandika. Kila jioni sentensi moja, kwenye daftari lililobaki la ripoti za Stamena. Leo nimepogoa mizabibu. Leo imenyesha. Hakuna aliyezisoma.

Machi nilikwenda kumwona. Mabasi matatu. Iskra alinipikia pai ya jibini, nikaifunga kwa taulo. Mlinzi aliikata vipande kutafuta vitu ndani, akaomba radhi. Nyumba yenyewe ilikuwa na joto, lazima niseme. Sakafu zimepigwa deki, ukutani picha za wanyama.

Galin alikuwa amenyolewa. Jino la mbele halikuwapo.

"Umeanguka?"

"Nimeanguka."

"Wapi?"

"Babu, nimeanguka."

Hakula pai. Aliiweka ndani ya shati, kipande baada ya kipande, akihesabu kwa midomo. Nilimwambia ale, nimeileta kwa ajili yake. Akasema ana watu wa kuwapelekea, na asipowapelekea watauliza. Mlangoni walikuwa wamesimama wavulana wawili wakubwa, wanatungoja kwa adabu.

Nilimuuliza anajifunza ufundi gani. Akasema mashine za karakana zimefungiwa tangu mmoja akatwe kidole, kwa hiyo wanafagia. Nilitaka kusema lile nililolijia. Nilikuwa nimelipanga kwenye mabasi yote matatu. Akanitangulia.

"Umeshaiuza?"

"Ipo. Naijaza upepo kila Jumamosi."

Alitazama saa ya ukutani. "Usije tena, Babu. Ukija wananiuliza umeleta nini."

Sikwenda tena. Sijui kama nilifanya vizuri. Alitoroka mara mbili, mara zote akielekea huku, akakamatwa kituo cha treni, na kila mara akaongezewa muda. Msimu wa baridi wa pili Tota alifariki. Matangazo nilibandika mimi, kwa gundi ya unga. Ruhusa ya Galin ya kuja kuzika ilifika siku tatu baada ya mazishi. Iskra alinionyesha, ilikuwa na mihuri miwili.

Alirudi akiwa na miaka kumi na sita, mwezi wa Juni. Nilimwona akishuka basi. Alikuwa mrefu kuliko mimi, mabega mapana, chale ya wino mkononi iliyochorwa vibaya. Paa la Tota lilikuwa limeanguka ndani. Alipanda akaliona, akashuka. Ilibidi apite kwangu.

Baiskeli ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeisukuma mpaka langoni. Nilikuwa nimevua kofia.

"Hii ni ya Stamena," nilisema. "Ipokee."

Nilishika usukani kwa mikono miwili nikaunyoosha kwake, kama inavyotakiwa. Kilichobaki ni yeye kuigusa na kusema yale maneno mawili.

Aliitazama. Alibonyeza gurudumu la nyuma kwa kidole gumba, palepale alipoziba pancha.

"Ni ndogo, Babu."

"Nitainua tandiko."

"Haliinuki zaidi. Naijua."

"Sema tu maneno, Galin. Kisha hata uitupe."

Alifikiri. Hakuwa na hasira, na mimi ningependa angekuwa nayo. "Nikiipokea leo," alisema, "ile miaka mitatu nilikaa kwa ajili gani?"

Niliiacha baiskeli iegemee tumboni kwangu.

"Mpe mtoto mwingine."

"Hakuna mtoto mwingine."

Hapo alicheka, na kwa sekunde moja alikuwa yule wa pilipili. Alitazama barabara, chini na juu. Hakukuwa na mtu. "Kweli hakuna," alisema. Kisha akavuka akaenda kungoja basi lilelile la kurudi. Kuna mwenzake wa kule bwenini aliyekuwa na chumba katika jiji la Sofia, na kazi, hakusema kazi gani.

Kazi ilijulikana. Sasa ana miaka ishirini, yuko jela ya wakubwa, na huko hakuna kamati wala wa kuuliza kama kulikuwa na baridi. Ninamwandikia kila mwezi. Naandika vizuri kidogo siku hizi. Namwambia mizabibu imefanya nini na nani amekufa. Hajajibu, na sijamwambia ajibu.

Baiskeli iko bandani, karibu na zile sufuria. Iskra alisema angeipokea yeye, aseme maneno, tumalize. Nilimshukuru. Lakini si yake, na Stamena anajua si yake.

Kwa hiyo huko aliko hana kitu cha kupanda. Anatembea kwa miguu, na yale magoti.